Kitu Kisichofunguka Hakidumu Turkana: Historia Fupi ya Bisibisi

Kila nikiweka video ya kurekebisha pasi ama taa ya sola, lazima mtu mmoja aandike: "Nunua mpya bana, wacha umaskini." Huwa nacheka napita. Lakini huyo mtu anastahili jibu, na jibu lenyewe haliingii kwenye video ya dakika moja. Kwa hivyo leo hakuna video. Leo ni historia, tena historia ya vitu vidogo vya nyumbani: jiko, tochi, redio, sola.

Kwa wale hawajawahi kufika kwetu, Kapedo iko kusini kabisa mwa Turkana, mpakani na Baringo, karibu na mlima Silali, mahali maji ya moto hutoka ardhini na kuanguka kama maporomoko. Lodwar, makao makuu ya kaunti yetu, iko mbali sana kaskazini. Kakuma iko mbele zaidi, kwenye barabara ya kwenda Lokichoggio. Ni kaunti moja, lakini safari ya kutoka huku hadi kule si ya mchezo.

Msimamo wangu nauweka mapema ili tusipotezeane muda. Katika hizi sehemu zote, chombo cha nyumbani huishi kama kuna mkono karibu unaoweza kukifungua. Kama hakuna, kitakufa, hata kiwe kilinunuliwa na pesa ngapi. Na sasa hivi tunaletewa vyombo vingi ambavyo vimetengenezwa visifunguliwe. Hilo ndilo linanikosesha usingizi.

Tulianza na sindano

Tuanze mbali. Mwaka 2011 watafiti wakiongozwa na Sonia Harmand na Jason Lewis walipata zana za mawe mahali panaitwa Lomekwi, magharibi mwa Ziwa Turkana. Zina umri wa miaka milioni 3.3, na zilipotangazwa mwaka 2015 hakukuwa na zana za kale kuzishinda zilizowahi kupatikana popote duniani. Sisemi aliyezichonga alikuwa babu yangu. Sisi Waturkana tumefika hapa juzi tu ukilinganisha na hiyo miaka. Nasema tu kwamba hii ardhi imezoea watu wa kukaa chini na kutengeneza kitu cha kutumia.

Wazee wetu walikuwa wafugaji wa kuhama, na mtu anayehama habebi kitu ambacho hawezi kukirekebisha njiani. Angalia elepit, chombo chetu cha mbao cha kukamulia maziwa. Kikipasuka hakitupwi. Unatoboa matundu madogo pande zote mbili za ufa, unashona na uzi wa ngozi, unapaka mafuta, na maziwa yanakaa. Hakuna aliyemwambia bibi yangu "nunua mpya." Mshono kwenye chombo ulionyesha nyumba ina mtu anayejua kazi.

Halafu wakaja wakoloni na kuifanya Turkana kuwa wilaya iliyofungwa. Huwezi kuingia bila kibali. Mwaka 1959, walipomtoa Jomo Kenyatta kifungoni Lokitaung na bado wakataka akae mbali na watu, walimleta Lodwar, akakaa hapo hadi 1961. Hebu fikiria hilo kidogo. Mji uliochaguliwa kumficha mtu juu uko mbali na kila kitu, ndio mji huo huo mama alitakiwa kupata utambi wa stovu.

Kwa hivyo vyombo vilivyoshika huku ni vile havikuhitaji kiwanda. Koroboi ni mkebe tu wa zamani, utambi na mafuta taa. Pasi ya makaa haina waya wala fiuzi. Ikiharibika ni mpini umeungua ama kile kijogoo cha mbele kimelegea, na vyote viwili utavirekebisha kwa kipande cha mti na msumari. Ndiyo maana hadi leo utapata pasi ya makaa ikifanya kazi kwenye nyumba ambayo pasi tatu za umeme zimeshakufa.

Mawe kwenye jua

Redio ndicho chombo cha kwanza chenye umeme ambacho watu wengi wa huku walikimiliki. Redio za zamani za taa kubwa za kioo zilihitaji umeme mwingi. Transista, ambayo ilivumbuliwa Marekani mwaka 1947, ndiyo iliyofanya redio iweze kubebwa na kutumia mawe madogo ya betri. Sasa mzee angeweza kukaa chini ya mti akiwa na mifugo na kusikiliza Sauti ya Kenya kutoka Nairobi. Kipindi cha Leonard Mambo Mbotela cha "Je, Huu ni Ungwana?" kilianza mwaka 1966, na kuna wazee huku walijifunza Kiswahili chao kwenye redio kuliko darasani.

Shida ilikuwa mawe. Kiwanda cha Eveready kilifunguliwa Nakuru mwaka 1967, na mawe yake yalifika kila duka la kijijini, lakini bei ilikuwa bei. Kwa hivyo kila mtu wa umri fulani anajua dawa: toa mawe kwenye redio, yapange kwenye jua juu ya bati, jioni rudisha. Redio inaongea tena.

Watoto wa siku hizi wakisikia hivyo hufikiri ni uchawi ama ujinga. Ni kweli kabisa. Ndani ya jiwe kuna kemikali zinazofanya kazi polepole zikiwa baridi na haraka zikipata joto. Jua halijazi jiwe nguvu mpya, linasaidia tu kile kidogo kilichobaki kitoke. Ndiyo maana linakupa taarifa ya habari moja ama mbili halafu linakata kabisa. Wazee hawakusoma hiyo kemia, lakini walikuwa wameijaribu mara mia.

Kiwanda cha Nakuru kilifungwa mwaka 2014. Mawe sai yanatoka nje. Ile akili ya kuuliza "kimebaki nini ndani?" kabla ya kutupa haikufungwa na kiwanda.

Friji kubwa iliyokufa Kalokol

Hapa sasa ndipo huyo ndugu wa "nunua mpya" anapaswa kusikiliza vizuri, juu hakuna kitu kipya kilichowahi kununuliwa Turkana kuliko hiki.

Baada ya uhuru, serikali ya Norway ilisaidia Turkana sana: barabara, miradi ya maji, uvuvi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 walikamilisha kiwanda cha kugandisha samaki Kalokol, kando ya ziwa. Wazo lilikuwa zuri kwenye karatasi: wafugaji waliopoteza mifugo kwa ukame wavue samaki, samaki wagandishwe, wauzwe mbali. Mradi ulitumia mamilioni ya dola.

Kiwanda kilifanya kazi siku chache tu, kikafungwa. Kugandisha kitu kwenye joto la Turkana kunataka umeme mwingi sana, na umeme huo ulitoka kwa mafuta yanayoletwa kutoka mbali. Kilihitaji pia maji safi mengi, jangwani. Gharama ya kuweka samaki baridi ikawa kubwa kuliko samaki mwenyewe. Mwaka 1990 Kenya na Norway zikavunja uhusiano wa kibalozi, na misaada ikaisha. Jengo lilibaki.

Wavuvi walifanya nini? Walirudi kwa jua, chumvi na moshi. Samaki mkavu wa Ziwa Turkana bado hupakiwa kwenye malori na kuuzwa hadi Kongo. Jua halihitaji vipuri kutoka Oslo.

Siwalaumu Wanorway, walikuja na moyo mzuri. Ninachosema ni kwamba kile kilikuwa chombo ambacho hakuna mtu wa Kalokol angeweza kukiendesha wala kukifufua. Kilikuwa kipya kabisa siku kilipokufa.

Kamukunji, na jiko unalopikia

Wakati huo huo, Nairobi kulikuwa na watu wanapiga nyundo kwenye jua bila mtu kuwaheshimu. Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani, ILO, lilitoa ripoti kuhusu Kenya iliyosema wazi kwamba hawa mafundi wa vibandani ni sehemu muhimu ya uchumi, wasifukuzwe. Ilichukua miaka. Mwaka 1985 Rais Moi alitembelea mafundi wa Kamukunji na kuahidi kwamba watajengewa vivuli. Jina "jua kali" likaingia hadi kwenye karatasi za serikali.

Kitu kizuri kilichotoka kwa hao mafundi kiko jikoni kwako. Jiko la bati la makaa, inasemekana lililetwa na Wahindi waliojenga reli kati ya 1896 na 1901. Lilikula makaa vibaya sana. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, watu kama Maxwell Kinyanjui pamoja na shirika la KENGO walichukua wazo la jiko la udongo kutoka Thailand, wakalichanganya na jiko letu la bati: nje chuma, ndani udongo uliochomwa, kiuno chembamba katikati. Hukadiriwa kwamba huokoa kati ya asilimia 30 na 50 ya makaa ukilinganisha na lile la bati tupu.

Lakini sikiliza jinsi lilivyoenea. Hakuna kampuni moja iliyolifungia. Mafundi wa Shauri Moyo na Kamukunji walilitazama, wakaliiga, wakalibadilisha, na vikundi vya akina mama vikafinyanga ule udongo wa ndani. Ukienda soko la Lodwar leo utapata jiko zima, na utapata pia udongo peke yake, juu bati likiwa nzima kwa nini ununue vyote? Udongo ukipata ufa mdogo, unaziba na mchanganyiko wa saruji kidogo na udongo laini, unaacha ukauke siku mbili, unaanza na moto mdogo. Miaka zaidi ya 40 na hilo jiko bado liko. Kiwanda cha Kalokol kilikamilishwa karibu wakati huo huo. Linganisha mwenyewe.

Kakuma, chuo kisicho na geti

Mwaka 1992 kambi ya Kakuma ilifunguliwa, na kati ya waliofika kwanza walikuwa maelfu ya watoto wa Sudan waliotembea kutoka Ethiopia. Baadaye wakaja Wasomali, Waethiopia, Wakongo, Warundi na wengine. Umeme wa gridi haukuwapo. Bwawa la Turkwel lilianza kutoa umeme mwanzoni mwa miaka ya 1990, megawati 106, lakini waya zake zilielekea Lessos huku mji wa Lodwar, ambako mto wenyewe unapita, ukiendelea kutegemea jenereta za dizeli miaka na miaka.

Kwa hivyo Kakuma walijipanga. Mtu mwenye jenereta alivuta waya kwa majirani na kuwauzia umeme kwa mwezi. Karibu na kila jenereta kukawa na kibanda cha fundi: simu, redio, feni, baadaye televisheni. Don Bosco walifundisha vijana uchomeleaji na ufundi wa umeme tangu miaka ya 1990, na wengine walijifunza kwa kukaa tu karibu na anayejua. Ripoti ya shirika la IFC mwaka 2018 ilihesabu zaidi ya biashara 2,000 kambini.

Nimekaa kwenye kibanda kimoja huko na fundi kutoka Kongo. Alikuwa na sanduku la simu zilizokufa ambalo hakukubali kumuuzia mtu. Nikamuuliza, "Kaka, hizi takataka za nini?" Akaniambia, "Mdogo wangu, hii ndiyo stoo yangu. Hii simu imekufa skrini lakini spika yake ni nzima. Ile imekufa betri lakini mahali pa kuchajia ni pazima. Ukitupa moja, umetupa dawa ya kumi." Mtu aliyekimbia vita akiwa na begi moja hawezi kukuambia ununue mpya.

Sola ilikuja ikiwa wazi

Watu hufikiri sola ililetwa na kampuni kubwa juzi. Mwaka 1984 mhandisi Mmarekani Harold Burris alianza biashara ndogo ya sola kwenye miteremko ya Mlima Kenya. Yeye na mwalimu wa kujitolea, Mark Hankins, waliweka taa za sola katika shule ya Karamugi kule Meru, na la maana zaidi, wakafundisha mafundi wa kawaida wa mtaani kufunga na kurekebisha. Mfumo ulikuwa paneli, betri ya gari, waya na balbu. Kila kipande ungekiona na kukigusa. Kikiharibika kimoja, unabadilisha hicho kimoja. Kenya ikawa moja ya nchi za Afrika zenye sola nyingi majumbani, na kwa miaka mingi kazi hiyo ilifanywa na mafundi na maduka madogo.

Kuanzia karibu mwaka 2012 mtindo ukabadilika. Zikaja taa ndogo za kisasa, nyingi za kulipa pole pole kwa M-Pesa. Sitadanganya, zimesaidia. Familia ambayo haingepata pesa ya paneli kubwa ilipata mwanga, na koroboi ikatolewa nyumbani na moshi wake. Lakini taa nyingi za siku hizi zimefungwa na gundi, ama skrubu za ajabu ambazo bisibisi ya kawaida haiingii, na betri ya ndani haina ndugu yake dukani. Miaka miwili mitatu betri inachoka, na taa nzima, pamoja na paneli nzuri na balbu nzuri, inakuwa takataka.

Nairobi hiyo ni hasara ya pesa. Kapedo ni kitu kingine. Mnajua habari zetu. Mwaka 2014 polisi walivamiwa na kuuawa karibu na hapa, mwaka 2021 tena kukawa na operesheni, na kila mara vurugu zikizuka barabara hufungwa. Hakuna gari la Marigat, hakuna bidhaa, hakuna fundi anayekuja. Usiku kama huo, mtoto akiugua, mwanga si anasa. Taa ikizima na mwenye nyumba hawezi kuifungua, hakuna "nunua mpya" itakayofika kabla ya asubuhi. Ndugu yangu wa maoni, hilo ndilo jibu lako.

Na usifikiri ni bahati mbaya. Mwaka 1924 kampuni kubwa za balbu zilikutana Geneva, zikaunda umoja ulioitwa Phoebus, na zikakubaliana balbu zisizidi saa 1,000, ingawa walijua kutengeneza za kudumu zaidi. Kutengeneza kitu ili kife ni ufundi wa zamani. Lakini watu wanaupinga. Ufaransa tangu 2021 inalazimisha baadhi ya vyombo viuzwe na alama inayoonyesha urahisi wa kuvirekebisha, na Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya haki ya kurekebisha mwaka 2024. Sisi tuna sheria ya usimamizi wa taka ya mwaka 2022 inayomtaka mtengenezaji kuwajibikia bidhaa yake hata ikishakuwa taka. Ningependa tuisukume mbele kidogo: awajibike kabla haijawa taka. Ukileta taa Turkana, leta na betri zake, na iwe na skrubu za kawaida.

Vitano vya kuanza navyo

Kama umefika hapa, usiende mikono mitupu.

1. Plagi ya pini tatu ikikataa, toa kwenye soketi, fungua, angalia fiuzi kwanza. Pasi na birika ya umeme hutaka fiuzi ya 13, redio na taa 3. Usiweke kipande cha waya ama karatasi ya sigara mahali pa fiuzi. Fiuzi hufa ili nyumba isiungue.

2. Redio ama tochi imezima na mawe ni mapya? Angalia vile vyuma vinavyogusa mawe. Kukiwa na unga mweupe ama wa kijani, futa na kitambaa chenye ndimu, kausha, piga msasa kidogo. Mara nyingi hiyo ndiyo tiba yote.

3. Birika linachelewa kuchemka? Maji yetu mengi yana chumvi na huacha ukoko mweupe. Chemsha maji na ndimu ama siki, acha saa moja, mwaga, suuza mara mbili.

4. Pasi inawaka na kuzima ukisogeza waya? Waya umekatikia ndani, karibu na mpini au plagi. Kata sehemu mbovu, unganisha upya kwenye plagi. Waya wa kijani na manjano ni wa usalama, usiuache nje.

5. Taa ya sola inazima mapema? Futa vumbi kwenye paneli kwanza, hasa huku kwetu. Kama ni betri, soma volti zake kabla ya kubadilisha: 3.2 na 3.7 hazibadilishani. Betri iliyovimba usiitoboe, usiiweke kwenye moto.

Na kuna ambavyo mimi mwenyewe siwagusishi: maikrowevu na televisheni za zamani za mgongo mkubwa. Zinaweza kushika umeme wa kuua hata zikiwa zimetolewa kwenye soketi. Hizo mpelekee fundi anayejua.

Ombi langu ni moja. Siku ukienda kununua taa, feni ama redio, Lodwar, Kakuma ama popote ulipo, ipindue kabla ya kulipa. Tafuta skrubu. Muulize mwenye duka, "Betri ya hii unauza?" Akisema hapana, mwambie polepole kwa heshima kwamba utaenda duka lingine, halafu uende kweli.